Ndege Isiyosamehe

Ndege ya kwanza niliyomnunulia baba yangu ilikuwa inasamehe kila kitu, na hilo ndilo lililomkasirisha. Siyo ndege ya kupanda. Ni ndege ya kompyuta, ya kuongezea kwenye simuleta, ile programu ya kurusha ndege ukiwa umekaa nyumbani kwenye kiti cha plastiki. Watu wakisikia hivyo wanacheka. Wacheke. Mimi sikuwa natafuta mchezo. Nilikuwa nataka kujua kama baba yangu bado ni mtu ninayeweza kumwachia mtoto.

Baba alikuwa fundi wa ndege. Tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipomaliza kidato cha nne alikuwa anatoka alfajiri kwenda uwanja wa ndege wa Kisumu, kwenye banda la kampuni moja ndogo iliyokuwa na ndege za injini moja, bawa juu, magurudumu yasiyokunjwa. Zilibeba madaktari, vifaranga, watalii wa visiwani, siku nyingine maiti ya mtu wa Mbita anayerudishwa kwao. Injini zake ni taboprop: ndani inawaka kama jeti, mbele inazungusha propela. Baba alizijua hizo injini kuliko alivyotujua sisi watoto wake. Siku niliyopokea matokeo ya mtihani alikuwa ndani ya injini mpaka mabegani. Sijasahau, na sijasema nimesamehe.

Alipostaafu, na mama akafa, alikuja kukaa kwangu Kondele, hapohapo Kisumu. Hakwenda kwa kaka yangu Nairobi, mwenye nyumba kubwa na mke wa kupika. Alikuja kwangu, kwenye vyumba viwili, mimi na binti yangu wa miaka minne. Baba wa mtoto alienda pwani kutafuta kazi. Aliipata, akapata na mke. Mimi nauza katika duka la hadiwea: misumari, mabomba, rangi, kufuli. Natoka asubuhi mapema, narudi jua likizama. Kwa hiyo mpango ulikuwa baba abaki na mtoto. Ampikie uji, ampe chakula cha mchana, amlaze kidogo, amlinde na barabara.

Mpango ulifanya kazi. Baba alimwita mtoto "Mama", kwa sababu mtoto amebeba jina la nyanya yangu, mama yake baba, na kwetu jina likirudi linarudi na heshima yake. Mtoto alimwita "Kwara", yaani babu. Nilikuwa nawasikia nikivaa viatu.

"Mama, kuja unywe uji."

"Kwara, uji una moto."

"Basi uulize utapoa saa ngapi."

"Uji, utapoa saa ngapi? Kwara, umenyamaza."

"Una kiburi huo. Tuungoje."

Nilikuwa natoka na roho safi.

Halafu jioni moja nikamkuta jirani ananingoja langoni, yule mama wa nyumba ya tatu anayeuza omena, mikono kiunoni.

"Mama Toto, leo tungezikwa sote."

"Kuna nini?"

"Gesi. Nimeinusa mpaka kitandani kwangu. Nimeingia kwako nikapata mzee amefungua gesi mpaka mwisho, anatafuta kiberiti kwenye droo. Mtoto amekaa hapo chini ya stovu anacheza na vifuniko vya sufuria."

"Alikuwa amewasha?"

"Nilimnyang'anya kiberiti. Ameniita mwizi."

Nilipomuuliza baba, hakuinua hata macho. "Huyo mwanamke ananusa samaki wake mwenyewe," alisema. Mtoto alicheka. Mimi pia nilitaka kucheka, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka sana iwe ni jirani tu mwenye mdomo. Kwa sababu kama si jirani, basi kesho naenda kazini na nani anabaki?

Nilimpigia kaka. Nilimweleza gesi, nikamweleza pia vile baba alivyorudi kutoka dukani mara mbili na chumvi, na vile alivyoniita kwa jina la shangazi aliyekufa.

"Mzee yuko sawa," kaka alisema. "Niliongea naye juzi, akanieleza injini nzima, bolti kwa bolti. Wewe ndio una hasira, sista. Umechoka."

"Njoo basi ukae naye wiki moja."

"Nitaangalia likizo."

Badala ya likizo alituma kompyuta yake ya zamani kwa basi, ikiwa imefungwa kwenye blanketi, pamoja na usukani na kisanduku chenye vishikio vitatu vya kusukuma mbele na nyuma. Simuleta ilikuwa tayari ndani. Akili ikikaa bure inaoza, alisema, mpe mzee kitu cha kufanya, mchagulie tu ndege nzuri, ziko nyingi mtandaoni. Hivyo ndivyo watu wa mbali wanavyosaidia. Wanakutumia kitu, halafu wanakutumia na kazi ya hicho kitu.

Nilichagua nikiwa kazini, wakati wa chakula cha mchana, nimekaa kwenye ndoo ya rangi nyuma ya duka, simu mkononi. Ndege za taboprop za kuongezea zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri. Zingine zilikuwa na injini mbili, kubwa, si za baba, hizo niliziruka. Zilizofanana na zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na rangi za kupendeza, na wanunuzi waliisifu kwamba ni rahisi: unabonyeza, inawaka, unaruka. Ya pili walikuwa wanailalamikia. Mmoja aliandika kwamba ameunguza injini mara tatu siku ya kwanza. Mwingine alisema ndege hii ina kinyongo: kosa la leo utalikuta kesho, kwa sababu inaweka kumbukumbu ya kila unachoifanyia, na injini iliyoumia inabaki imeumia mpaka uibadilishe kwenye ukurasa wa matengenezo. Wa tatu aliandika kwamba amewahi kufanya kazi kwenye ndege zenyewe na hii ndiyo yenyewe, sauti, geji, kila swichi mahali pake.

Kila mtu mwenye akili angeona ipi ni ya baba. Mimi nilinunua ile rahisi. Nilimhurumia. Au nilijihurumia mimi.

Jumapili baada ya kanisa tulimkalisha mbele ya meza. Niseme kwanza jinsi hizo injini zinavyowashwa, kwa sababu nilikua nikisikia hayo mezani kama watoto wengine wanavyosikia sala. Unawasha betri, unawasha pampu, unabonyeza swichi ya kuzungusha injini. Halafu unangoja. Injini lazima izunguke na kuvuta hewa mpaka geji ifike mahali pake. Hapo tu ndipo unasukuma kishikio cha mafuta. Ukisukuma mapema, mafuta yanaingia hewa ikiwa kidogo, joto linaruka, na ndani ya sekunde chache umeyeyusha kitu ambacho kijiji kizima hakiwezi kukilipia. Baba alikuwa anasema kwa sauti, kila mara, hata akiwa peke yake: "Hewa. Hewa. Hewa. Sasa mafuta."

Siku hiyo alisema hivyo, injini ikawaka, mtoto akapiga makofi. Aliruka juu ya ziwa mpaka upande wa Homa Bay. Ziwa la kwenye kompyuta ni la buluu safi, halina magugu wala harufu. Baba alilitazama akasema, "Hili ni ziwa la nani?" Akatua, akazima, akaanza upya. Mara hii nilimwona akifanya kitu cha ajabu. Alibonyeza swichi na papo hapo akasukuma mafuta, kwa makusudi. Injini iliwaka vizuri, bila shida, kama gari jipya.

Alitoa mkono kwenye vishikio, akaupangusa kwenye suruali.

"Nani amechagua hii?"

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ilisemekana ni nzuri."

"Nyathina," alisema, mtoto wangu, na anapolitumia neno hilo ujue amekasirika. "Nimeiua hii ndege, nayo inaniambia asante. Umeninunulia toi ya Mama. Unaniona mimi ni wa toi?"

Aliinuka akaenda kukaa nje. Ndege ilipita juu ya Kondele ikishuka, na nikamwona akiinua kichwa kuisikiliza, kama kawaida yake, halafu akainamisha.

Nilikasirika sana. Nilimkasirikia kaka, nikamkasirikia baba kwa kunifanyia jeuri ilhali mimi ndiye ninayefua shati lake. Kwa hasira hiyohiyo nikanunua ile ya pili, yenye kinyongo. Nikajisemea: umetaka ukweli, chukua. Na nikajisemea, chini zaidi, kitu ambacho sikumwambia mtu: kama anaweza kuwasha hii, anaweza kuwasha gesi. Nilitaka kompyuta inisaidie kuamua, kwa sababu kuamua mwenyewe nilikuwa nimeshindwa.

Jumapili iliyofuata aliiwasha bila kosa. Nilisimama nyuma yake. Mikono yake, ambayo asubuhi hiyo ilikuwa imeshindwa na kifungo cha kola, ilipita juu ya swichi kama ya mtu anayesuka nywele. "Hewa. Hewa. Hewa." Geji ilipanda polepole. "Sasa mafuta." Joto likapanda, likasimama linapostahili, likashuka. Baba alicheka kwa sauti. Mimi nilienda jikoni nikalia kidogo juu ya sinki, kisha nikamtumia kaka ujumbe: ulisema kweli, mzee yuko sawa. Sijui kwa nini niliandika hivyo haraka. Najua kwa nini.

Wiki mbili nilitoka asubuhi na roho safi tena. Jirani alinisalimia kwa kifupi, nikamjibu kwa kifupi zaidi.

Lakini kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kwenye banda lao kila fundi alikuwa na tepe zake nyekundu za kitambaa. Ukikuta ndege ina kasoro, unafunga utepe wako kwenye kishikio cha mafuta, na ndege hiyo haiwashwi. Rubani akija na abiria kumi wanaolia, haiwashwi. Na sheria yao ilikuwa kwamba mkono uliofunga ndio unaofungua. Siyo mkubwa wa kazi, siyo fundi mwenzako hata kama ameona kasoro imetengenezwa. Nikiwa darasa la tano baba alilala na malaria, anatetemeka, na walikuja na pikapu wakamchukua na blanketi lake, akafungue utepe mmoja. Mama alitukana gari hilo mpaka lilipopotea. Baba alirudi, akalala, akasema, "Nilikuwa nimeufunga mimi." Aliona hayo ni maelezo ya kutosha.

Jumamosi moja duka lilifungwa mapema, nikarudi mchana. Baba alikuwa amelala kitini, mtoto ubavuni mwake na kipande cha muhogo. Kompyuta ilikuwa wazi. Ndege ilikuwa imesimama uwanjani, na nikafungua ule ukurasa wa matengenezo, kwa udadisi tu, ule unaoweka kumbukumbu.

Jumatatu: injini imeungua wakati wa kuwashwa. Injini imebadilishwa. Jumanne: imewashwa sawa. Jumatano: imeungua, imebadilishwa. Imeungua, imebadilishwa. Alhamisi, Ijumaa, na asubuhi hiyohiyo. Wiki ya nyuma yake pia. Alikuwa anaiua nikiwa kazini, anabonyeza kuweka injini mpya, ili jioni nikirudi nikute ndege safi. Jumapili iliyopita hakutaka kuiwasha kabisa, alisema mgongo unauma, na mimi nilimpaka dawa.

Nilimwamsha. Sikumwamsha vizuri.

"Baba, hii ni nini?"

Aliisoma skrini mstari kwa mstari. Nilingoja aseme ni mtoto amechezea, au ni jirani ameingia. Nilikuwa na jibu tayari kwa kila uongo.

"Ni mimi," alisema.

"Ulijua?"

"Nasema hewa, hewa. Halafu nakuta mkono umeshasukuma. Sijui umesukuma saa ngapi." Aliutazama huo mkono kama wa mtu mwingine aliyekaa karibu naye kwenye basi. "Nilikuwa napima. Nilisema, nikipata siku tano mfululizo bila kuunguza, basi jirani ni mwongo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia nini, na wewe una kazi?"

Nilipiga kelele. Sitaandika yote. Nilimwambia angeniulia mtoto. Nilimwambia mama alikufa kwa kumngoja. Nilimwambia wiki mbili nzima alikuwa anapima kwa mtoto wangu, na kumbe mimi nilikuwa nimefanya vilevile, nimempima yeye huku mtoto amekaa chini ya stovu. Hilo la mwisho sikulisema kwa sauti. Binti yangu aliziba masikio na muhogo bado mkononi. "Mama, usigombeze Kwara," alisema. Baba alimwambia, "Mwache. Anasema kweli."

Jumatatu asubuhi niliingia jikoni kupika uji na nikaukuta utepe. Ulikuwa mwekundu, umepauka, una madoa ya grisi ya zamani. Baba alikuwa ameutoa kwenye sanduku la spana lililo chini ya kitanda chake. Alikuwa ameufunga kwenye kifungulio cha mtungi wa gesi, mizunguko miwili na fundo bapa, ncha zimelala chini. Baba alikuwa amekaa mezani, ameshavaa, ameshachana nywele, kama mtu anayengoja gari la kazi.

"Mimi nitapika uji saa ngapi sasa?" nilimuuliza.

"Wewe pika. Nitakufungulia ukiwa umesimama hapo. Ukimaliza nafunga."

"Na mchana?"

"Mchana hakuna anayewasha." Halafu akasema, bila kunitazama, "Mtafutie Mama mahali."

Nilimpeleka mtoto kwa mwanamke anayelea watoto nyuma ya soko, chumba kimoja chenye magodoro na redio. Alilia akishika lango. Alimwita Kwara, hakuniita mimi. Mchana namwachia baba chai kwenye chupa na mkate, na jirani, yule niliyemjibu kwa kifupi, anampelekea ugali na omena bila kuulizwa. Sikumwomba msamaha. Nilimnunulia kufuli nzuri ya duka letu, akaichukua, akasema, "Umechelewa," akacheka.

Kaka alipiga simu. "Umemfanya mzee ajione mgonjwa," alisema. "Ulikuwa na haja gani ya kumletea ndege ngumu?" Nilikata simu. Nilikuwa na maneno mengi na bado ninayo. Akisoma hii, ndiyo haya.

Kwa muda kila asubuhi baba aliufungua utepe, akasimama nikipika, akaufunga. Baadaye akawa anahitaji kukumbushwa. Mwezi uliopita nilimkuta jikoni, mbele ya mtungi, amekunja uso.

"Nani amefunga hii?"

Nilikuwa nachelewa kazini. Uji ulikuwa bado, na mtoto alikuwa anatafuta kiatu. Ningeweza kusema ni mimi, na ningeufungua mwenyewe tangu siku hiyo, na asubuhi zangu zingekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimeshamnunulia toi mara moja.

"Angalia mwenyewe," nilisema.

Aliinama. Alipitisha kidole gumba juu ya fundo, akalibonyeza, akafuata ncha moja mpaka mwisho wake, kisha nyingine. Mtoto alikuja na kiatu kimoja, akasimama mlangoni.

"Ni langu hili fundo," alisema. "Kasoro ilikuwa nini?"

Niliinama kumvalisha mtoto kile kiatu. Baba alingoja jibu, halafu akautoa mkono wake kwenye fundo, akautia mfukoni.

"Basi kama sikumbuki kasoro, siwezi kufungua," alisema, akatoka kwenda kukaa nje.

Utepe bado uko pale. Tunapikia makaa.